Antena Haiongezi Nguvu, Huielekeza: Redio ya Upepo na Rufaa ya Mgonjwa katika Milima ya Manyovu

Utangulizi

Redio ya upepo ya kituo cha afya inapokosa kusikika, ushauri wa kwanza unaotolewa kwa kawaida ni kununua redio yenye wati nyingi zaidi. Ushauri huu hugharimu fedha, humaliza betri mapema, na mara nyingi hauliondoi tatizo. Sababu ni kwamba umbali ambao sauti itafika hautegemei wati za redio peke yake. Unategemea pia kiasi cha nguvu kinachopotea njiani kabla ya kufika kwenye antena, na upande ambao antena inaielekeza nguvu iliyobaki.

Makala haya yanaeleza dhana mbili: ongezeko la antena, na nguvu fanisi ya mrusho. Dhana hizi zinafahamika vizuri kwa watu wa redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na si kwa biashara. Hapa Tanzania ishara za vituo vyao huanza na 5H, na za majirani zetu wa Burundi huanza na 9U. Elimu yao inaweza kumfaa mganga mfawidhi wa zahanati, muuguzi wa zamu, na hata mgonjwa anayetaka kujua kama mlingoti ulio nje ya wodi unamdhuru.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Wataalamu wa afya ya uzazi wamezoea kuzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaosababisha vifo vya wajawazito, kama ulivyopangwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma stahiki baada ya kufika. Mawasiliano yanagusa ucheleweshaji wa pili na wa tatu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Ujumbe ukitangulia, gari la wagonjwa huondoka mapema, damu hutafutwa, na chumba cha upasuaji huandaliwa kabla mgonjwa hajafika. Ujumbe usipofika, kazi hizo zote huanza baada ya mgonjwa kushushwa mlangoni.

Mkoa wa Kigoma una historia ya kujivunia katika jambo hili. Kati ya mwaka 1984 na 1991, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake katika Hospitali ya Mkoa, Kigoma, walishusha vifo vya wajawazito kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hawakufanya hivyo kwa fedha nyingi kutoka nje. Walitumia vizuri zaidi kile kilichokuwapo: watumishi, vifaa, damu na ushirikiano wa jamii. Msomaji ataona hapa chini kwamba kanuni ya antena inafanana na somo hilo.

Leo mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura anaweza kuitiwa usafiri kwa namba 115 isiyolipiwa, chini ya mpango wa m-mama. Namba hiyo ndiyo ya kupigwa kwanza. Hata hivyo, simu ya mkononi inahitaji mnara unaoonana nayo, na milima haimruhusu kila mtu kuuona mnara. Umeme wa mnara unapokatika, mabonde yanapoziba mawimbi, au mtandao unapolemewa, redio ya upepo hubaki kuwa njia ya pili. Ndiyo maana mpango wa RESCUER ulioanzishwa Iganga, Uganda, mwaka 1996 uliwaunganisha wakunga wa jadi, vituo vya afya na gari la wagonjwa kwa redio. Ndiyo maana pia madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walijenga mtandao wa redio za masafa mafupi uliounganisha hospitali za mbali na Nairobi.

Ongezeko la antena ni nini

Washa kibatari katikati ya chumba. Mwanga wake huenda pande zote: kwenye kuta, kwenye dari na sakafuni. Sasa chukua balbu ndogo yenye mwanga kiasi kilekile, uiweke ndani ya kurunzi yenye kioo cha kuakisi. Mtu aliye mbele ya kurunzi ataona mwanga mkali, na aliye nyuma yake ataona giza. Kioo hakikuzalisha mwanga wowote. Kimechukua mwanga uliokuwa ukienda nyuma na pembeni, kikaupeleka mbele.

Antena hufanya kazi hiyohiyo. Ongezeko la antena ni kipimo cha mara ngapi mawimbi yana nguvu zaidi katika upande unaopendelewa, yakilinganishwa na antena ya kinadharia inayorusha sawasawa pande zote kama kibatari chetu. Kila kinachoongezeka upande mmoja kimetolewa upande mwingine. Maji hufuata mkondo, na antena ndiyo inayochimba mkondo wa mawimbi.

Antena zinazotumika katika vituo vyetu ni za namna tatu hasa. Ya kwanza ni fimbo ya wima, ambayo hurusha kuzunguka upeo wote wa macho na kupunguza mawimbi yanayokwenda juu na chini. Ya pili ni Yagi, iliyobuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920, ambayo ina vijiti vingi vilivyopangwa kwenye bomba moja na hurusha upande mmoja; watu wengi wanaifahamu kutokana na antena za televisheni za juu ya paa. Ya tatu ni dipoli, yaani nyaya mbili zilizonyooshwa kushoto na kulia, zikilishwa katikati.

Lugha ya desibeli

Ongezeko na upotevu hupimwa kwa desibeli. Mtumishi wa afya akikumbuka namba tatu tu zitamtosha. Desibeli 3 ni mara 2. Desibeli 6 ni mara 4. Desibeli 10 ni mara 10. Alama ya kutoa ikitangulia, zidisha inageuka kuwa gawanya: kupoteza desibeli 3 ni kubaki na nusu, kupoteza desibeli 6 ni kubaki na robo.

Kuna mtego mmoja wakati wa kununua. Wauzaji wengine huandika ongezeko kwa dBi, yaani kwa kulinganisha na antena ya kinadharia. Wengine huandika kwa dBd, yaani kwa kulinganisha na dipoli. Dipoli yenyewe ina ongezeko la dBi 2.15, hivyo antena ya dBi 6 ni ileile ya dBd 3.85. Karatasi ya bei inayotaja "desibeli 6" bila kueleza zinalinganishwa na nini haijampa mnunuzi taarifa kamili. Ni sawa na kuandika dozi ya dawa bila kipimo chake.

Nguvu fanisi ya mrusho: hesabu ya kituo kimoja

Nguvu fanisi ya mrusho ni jibu la swali hili: kwa mtu aliye katika upande unaopendelewa na antena, kituo hiki kinaonekana kuwa na wati ngapi? Hupatikana kwa kuchukua wati za redio, kutoa kinachopotea kwenye kebo, kisha kuzidisha kwa ongezeko la antena.

Tuchukue kituo cha mfano. Redio yake ni ya wati 25, masafa ni megahezi 150, na antena ya dBi 6 imewekwa juu ya mlingoti. Kebo ina urefu wa mita 30, na ni ile nyembamba ya aina ya RG-58, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Katika masafa hayo, kebo hiyo ya urefu huo hupoteza takriban desibeli 6. Kati ya wati 25 zilizotoka kwenye redio, zinazofika kwenye antena ni kama 6 tu. Nyingine zimegeuka kuwa joto ndani ya kebo. Antena inazidisha hizo 6 mara 4, na tunarudi kwenye wati 25 tulizoanza nazo. Antena ya bei kubwa imefanya kazi ya kulipa deni la kebo ya bei ndogo.

Sasa kituo kina njia mbili za kuongeza nguvu fanisi iwe maradufu. Njia ya kwanza ni kununua redio ya wati 50: zinazofika kwenye antena zitakuwa karibu 12, na nguvu fanisi itakuwa takriban wati 50. Njia ya pili ni kubakia na redio ileile, lakini kubadili kebo na kuweka nene ya aina ya RG-213, ambayo kwa mita 30 hupoteza takriban desibeli 3. Hapa pia antena itapata wati 12 na zaidi, na nguvu fanisi itakuwa takriban wati 50.

Kwa aliye mbali akisikiliza, njia hizi mbili zinalingana. Kwa kituo chenyewe hazilingani hata kidogo. Redio ya wati 50 huvuta umeme karibu mara mbili kila inaporusha, na betri ya sola inayotegemewa pia kwa taa ya chumba cha kujifungulia itaisha mapema. Zaidi ya hayo, kebo na antena hufanya kazi pande zote mbili. Kebo mbovu hupunguza sauti inayokuja kama inavyopunguza sauti inayokwenda. Anayeongeza wati peke yake hujenga kituo kinachosikika lakini hakisikii: muuguzi anaita, hospitali inajibu, na jibu halimfikii. Anayeboresha kebo na antena huongeza kusema na kusikia kwa pamoja.

Msomaji atakayesoma kanuni za leseni atakuta vipimo viwili vinavyokaribiana. Kimoja hulinganisha na antena ya kinadharia, kama tulivyofanya hapa. Kingine hulinganisha na dipoli, nacho hupatikana kwa kugawanya cha kwanza kwa 1.64. Wati 50 za kipimo cha kwanza ni kama wati 30 za kipimo cha pili. Nguvu ni ileile, isipokuwa rula imebadilishwa.

Milima ya Manyovu ina sauti katika jambo hili

Hesabu hizo zote zinadhani kwamba hakuna kizuizi kati ya vituo viwili. Katika nyanda za juu za Kigoma dhana hiyo ni ya kuangaliwa upya. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima inayopanda kutoka ziwani kuelekea Manyovu na mpaka wa Burundi huzidi mita 1,500 mahali pengi. Kutoka Manyovu hadi mjini Kigoma ni kiasi cha kilomita 60 kwa barabara, lakini wimbi la redio halifuati barabara. Linakutana na miteremko na mabonde.

Mawimbi ya megahezi 150 husafiri karibu kama mwanga: kinachoziba macho huyaziba kwa kiasi kikubwa. Kwenye ardhi tambarare, umbali wa upeo kwa kilomita ni takriban 4.1 ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, maana yake ni ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta kimo hicho. Antena ya mita 9 ina upeo wa kilomita 12 hivi. Antena ya mita 25 ina upeo wa kilomita 20 hivi. Antena iliyo juu ya kilima kinachozidi ardhi inayoizunguka kwa mita 400 ina upeo wa kilomita 80 hivi. Kilima kimoja kilichochaguliwa vizuri, chenye kituo cha kupokea na kurusha upya, hufanya kazi ambayo wati mia moja zilizo bondeni haziwezi kuifanya.

Kuna jambo la pili ambalo huwashangaza wengi. Fimbo ya wima yenye ongezeko kubwa huubana mrusho wake kuwa bamba jembamba linaloelekea upeo wa macho. Ikiwekwa juu ya ukingo wa mlima, bamba hilo linaweza kupita juu ya zahanati iliyo bondeni chini yake, nayo isisikie vizuri. Katika mazingira kama hayo antena yenye ongezeko dogo inaweza kuwahudumia walio karibu vizuri zaidi. Kwa hiyo anayechagua antena aanze kwa kuuliza walipo watu anaotaka kuwafikia.

Jambo la tatu ni dawa ya mlima wenyewe. Kati ya Kibondo na mjini Kigoma kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara, na hakuna mlingoti wa kawaida utakaovuka umbali huo kwa megahezi 150. Masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 7 hivi, yana njia nyingine: hupanda kwenye tabaka la hewa lenye chaji za umeme lililo juu sana, kisha hurudi chini. Kwa kazi hii dipoli haitundikwi juu sana. Dipoli ya megahezi 7, yenye urefu wa mita 20 hivi kutoka ncha hadi ncha, ikitundikwa mita 5 hadi 8 juu ya ardhi, huelekeza sehemu kubwa ya nguvu yake moja kwa moja juu, nayo hurudi kama mvua na kufunika eneo la kilomita 300 hivi kuzunguka, mabonde yakiwamo. Usiku tabaka hilo hupungua uwezo, na mara nyingi hulazimu kushuka hadi megahezi 3 au 4. Antena ileile ambayo fundi wa mjini angeiona imewekwa chini mno, hapa ndiyo inayovuka mlima.

Mlingoti na mwili wa binadamu

Wagonjwa huuliza, na wana haki ya kuuliza: je, antena iliyo nje ya wodi inatupiga mionzi? Jibu linahitaji dhana hizihizi mbili.

Mawimbi ya redio si sawa na eksirei. Eksirei ina uwezo wa kung'oa elektroni kwenye atomi na kuharibu chembe za urithi. Mawimbi ya redio hayana uwezo huo. Athari yake iliyothibitishwa kwa viwango vikubwa ni kupasha joto tishu. Sehemu zenye damu kidogo ya kupoza, kama lenzi ya jicho, ndizo za kulindwa zaidi. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi wakati huo ulikuwa hafifu na hautoshi kuamua. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu za mkononi na saratani ya ubongo.

Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho usio wa ayoni, ICNIRP, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, imeweka kikomo cha wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa watu wote katika masafa ya megahezi 150. Turudi kwenye kituo chetu, tudhani kebo haipotezi chochote, ili tuhesabu hali iliyo mbaya zaidi: wati 25 mara 4 ni wati 100. Katika mita 2 kutoka kwenye antena, upande inakorusha, kiwango hufikia wati 2 kwa mita ya mraba. Katika mita 10 hushuka hadi 0.08, yaani sehemu moja ya ishirini na tano ya kikomo. Mabati na ardhi huweza kuakisi mawimbi na kuyaongeza, kwa hiyo ni busara kuuzidisha umbali mara mbili na kutoruhusu mtu akae ndani ya mita 4. Antena iliyo juu ya mlingoti wa mita 9 inatimiza sharti hilo kwa mgonjwa aliye kitandani. Antena iliyofungwa kwenye dirisha la wodi hailitimizi.

Wanaoishi karibu na minara ya simu nao wapate hesabu yao. Antena ya mnara yenye wati 20 na ongezeko la dBi 17, yaani mara 50, ina nguvu fanisi ya wati 1,000. Namba hiyo inatisha, lakini ni ya upande mmoja na iko juu. Katika mita 50, mbele kabisa ya mrusho, kiwango ni takriban 0.03, wakati kikomo cha masafa ya megahezi 900 ni 4.5. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia ya kikomo. Chini ya mnara penyewe mrusho mkuu hupita juu ya vichwa.

Hatari zilizo karibu zaidi

Katika kazi ya kila siku, madhara ya mlingoti yanayohitaji hofu ya kweli ni ya kawaida zaidi kuliko mionzi.

Radi ni ya kwanza. Ukanda wa Maziwa Makuu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na mlingoti juu ya kilima unaialika. Kila mlingoti uwe na waya mnene wa ardhini, na ngurumo zikisikika, kebo ichomolewe kwenye redio.

Nyaya za umeme ni za pili. Mlingoti usisimikwe mahali ambapo ukianguka utagusa laini ya umeme.

Ya tatu ni kuungua. Anayeshika waya wa antena ya masafa mafupi wakati redio inarusha anaweza kupata jeraha dogo kwa nje lakini lenye kina. Jeraha hilo lichunguzwe kama la umeme, si kama la maji ya moto.

Mwisho, mgonjwa mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiweke redio ya mkononi karibu na kifua, na apate ushauri wa daktari wake.

Mambo ya kufanya kituoni

Kabla ya kuomba redio mpya, mganga mfawidhi akague haya kwa mpangilio. Je, kebo ni ya aina gani na ina urefu gani? Je, viungio vyake vimeingia maji ya mvua? Je, antena inaonana na kituo inachokiita, au kuna mlima katikati? Je, ongezeko lake linaelekea waliko watu? Je, betri inashika chaji? Baada ya maswali hayo ndipo swali la wati liulizwe.

Pia kila kituo kitumie masafa kilichopewa leseni na TCRA. Masafa ya redio ya ridhaa si ya shughuli za kila siku za hospitali, ingawa kanuni za kimataifa zinawaruhusu wenye leseni hizo kusaidia mawasiliano wakati wa maafa. Na kila zamu ijaribu redio angalau mara moja, kwa kuita na kusubiri jibu, kisha iandike matokeo kwenye daftari. Redio ambayo haijajaribiwa haina tofauti na mtungi wa oksijeni ambao haujapimwa.

Hitimisho

Ongezeko la antena halizalishi hata wati moja. Huchukua nguvu iliyopo, na kuipeleka inakohitajika. Nguvu fanisi ya mrusho ni hesabu inayotuonesha kama tumefanya hivyo au tumeipoteza njiani. Zahanati yenye redio ndogo, kebo nzuri na antena iliyoelekezwa kwa akili inaweza kuita hospitali na kusikia jibu. Kwa mama anayevuja damu Manyovu, jibu hilo ndilo linaloiwezesha damu kuwa tayari atakapofika.